Maji Yasimwagwe Kabla ya Kuulizwa

Hotuba ya Kamati ya Afya na Seva, iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Kila mwaka katika siku hii Kamati ya Afya hupewa nafasi fupi baada ya aarti na kabla ya chakula. Miaka iliyopita tulizungumzia kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya macho. Mwaka huu tumeomba kuzungumzia saratani ya mapafu, na hasa jambo moja ambalo laiti tungalilijua mapema, lingalitupunguzia mzigo tulio nao moyoni. Jambo lenyewe ni hili: maji na damu ya mgonjwa vinaweza kutueleza dawa ipi itamfaa. Kwa hiyo visimwagwe, wala dawa isianzwe kwa kubahatisha, kabla havijaulizwa.

Wengi wenu mnamkumbuka mzee aliyesimamia viatu mlangoni pa hekalu hili kwa miaka mingi. Sote tulimwita Kaka. Wagujarati wakimaanisha ndugu wa baba, na majirani Waswahili wakimaanisha ndugu mkubwa, naye akaitikia pande zote mbili. Hakuwahi kuvuta sigara wala kutafuna tumbaku. Alipoanza kukohoa, tulisema ni vumbi la viatu vyetu. Alipokonda, tulisema ni umri. Aliposhindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, ndipo alipopelekwa hospitali, akakutwa na maji yaliyojaa kifuani.

Maji hayo yalitolewa kwa sindano, zaidi ya lita moja. Sehemu ndogo ilipelekwa kupimwa kifua kikuu, na iliyobaki ikamwagwa. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Maji yakarudi, yakatolewa mara ya pili na mara ya tatu, na kila mara yakamwagwa. Saratani ilipotajwa, mzee alikuwa amedhoofu kiasi kwamba familia ilitujia kuuliza kama inafaa kuendelea na vipimo. Sisi, wajumbe wa kamati hii, ndio tuliosema mzee asichoshwe. Tulisema kwa huruma, na tulisema bila elimu. Mwezi haukwisha, Kaka akatutoka.

Hatudai kwamba vipimo vingemponya. Lakini maji yale yalikuwa na neno la kusema, na hakuna aliyeyasikiliza. Ndiyo maana tukaenda kwa madaktari, tukauliza, tukasoma, na leo tunawaletea tulichofundishwa.

Ndugu zetu, saratani ya mapafu huua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.8 walifariki kwa ugonjwa huu. Tumbaku ndiyo chanzo chake kikuu, na anayevuta akiacha leo amejifanyia hisani kubwa kuliko dawa yoyote tutakayoitaja hapa. Hata hivyo, wapo wanaoupata bila kuvuta kamwe, na wanawake ni wengi miongoni mwao. Katika jamii yetu, ambayo wengi hawavuti, tumezoea kuuona ugonjwa huu kuwa ni wa watu wengine. Mazoea hayo hutuchelewesha, na anayeugua hujikuta akitazamwa kana kwamba ana siri aliyoificha.

Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na picha za kifua zinazofanana, kumbe kinachoukuza uvimbe wa mmoja sicho kinachoukuza wa mwenzake. Juu ya seli za mwili kuna vipokezi vinavyopokea amri ya kukua na kugawanyika. Kimojawapo kinaitwa EGFR. Kifikirieni kama kengele ya mlangoni pa hekalu letu: ikigongwa hulia, ikiachwa hunyamaza. Jeni inayokitengeneza ikiharibika kwa namna fulani, kengele hulia usiku na mchana pasipo mkono wa mtu, na seli huendelea kugawanyika bila kukoma.

Mwaka 2004 watafiti wa mjini Boston, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa walionufaika sana na kidonge cha gefitinib ndio hasa waliokuwa na uharibifu huo wa jeni ya EGFR. Kidonge hicho huenda kuishika ile kengele na kuinyamazisha. Tangu hapo swali likabadilika. Halikuwa tena kama mgonjwa ana saratani ya mapafu peke yake, bali ni kitu gani kinachoisukuma saratani yake.

Mnaweza kuuliza: kwa nini basi kila mgonjwa asipewe kidonge hicho tukaona kitakachotokea? Jibu lilipatikana mwaka 2009, yalipotangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Asia Mashariki kwa wagonjwa zaidi ya 1,200. Miongoni mwa wenye badiliko la EGFR waliopewa gefitinib, uvimbe ulipungua kwa 71 katika kila 100. Miongoni mwa wasio na badiliko hilo, ulipungua kwa takriban mmoja tu katika kila 100, na ugonjwa wao ukasonga mbele upesi kuliko wa wenzao waliopewa tibakemikali. Kidonge kilekile kikawa neema kwa mmoja na hasara kwa mwingine. Anayekimeza bila kupimwa anaweza kupoteza miezi ambayo hawezi kurudishiwa.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Huko India, badiliko la EGFR hupatikana kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya wagonjwa wa aina ya saratani ya mapafu inayoitwa adenokasinoma. Ulaya ni wachache kuliko hapo, na Asia Mashariki hukaribia nusu. Hata hivyo, mtu asijipime kwa asili yake. Badiliko hili huwapata watu wa kila kabila na kila rangi, na jirani yetu Mzaramo au Mpemba ana haki ya kuulizwa swali lilelile anayoulizwa Mgujarati.

Sasa tuje kwenye maji na damu. Njia ya asili ya kujua hali ya jeni ni kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara. Njia hiyo bado ndiyo msingi, kwa kuwa lazima kwanza ijulikane kwa hakika kwamba ni saratani na ni ya aina gani. Lakini pafu si ngozi ya mkono. Uvimbe unaweza kuwa umejificha karibu na moyo au mishipa mikubwa, mgonjwa anaweza kuwa amechoka mno, au kipande kilichokatwa kikawa kidogo na kikaisha kabla ya vipimo kukamilika.

Hapo ndipo elimu mpya inaposaidia. Seli za saratani zinapokufa hupasuka na kuachia vipande vidogo vya vinasaba vyake. Vipande hivyo huingia katika damu, na pale maji yanapojaa kifuani, huingia pia katika maji hayo. Maabara yenye vifaa vinavyofaa huvitafuta vipande hivyo, huvisoma, na kueleza kama jeni ya EGFR, au nyingine kama ALK na ROS1, imeharibika. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kutafuta mabadiliko ya EGFR kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Mwaka 2020 iliidhinisha vipimo viwili vinavyosoma jeni nyingi kwa mkupuo mmoja.

Jambo hili lisiwashangaze. Katika hospitali zetu nyingi ipo mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Hutiwa makohozi ya mgonjwa, na kwa muda wa saa mbili hivi husema kama yana vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, na kama bakteria hao ni sugu kwa dawa ya rifampicin. Yaani tayari tumezoea kuyauliza makohozi dawa ipi itafaa. Kwa saratani, tunayauliza maji ya kifuani na damu swali la namna hiyohiyo.

Maji ya kifuani yana sifa yake ya pekee. Mgonjwa aliyebanwa na pumzi atatolewa maji hayo hata hivyo, kwa ajili ya nafuu yake. Hakuna kisu cha ziada wala sindano ya ziada. Maji yakizungushwa kwa kasi katika mashine ya maabara, seli hutua chini na maji meupe hubaki juu. Seli zile zinaweza kukusanywa na kuhifadhiwa ndani ya nta, zikasafiri hata nje ya nchi bila barafu. Na yale maji ya juu, ambayo kwa kawaida hutupwa, mara nyingi huwa na vipande vya vinasaba vya saratani kwa wingi kuliko damu ya mkononi. Ugonjwa ukifika kwenye utando wa ubongo, maji ya uti wa mgongo nayo huweza kupimwa vivyo hivyo.

Sisi tumelelewa katika desturi ya kuheshimu maji. Maji yaliyooshea murti hupokewa kwa kiganja cha mkono wa kulia. Hakuna ayamwagaye ovyo chini. Hatulinganishi kilicho kitakatifu na kitu cha hospitali. Tunasema tu kwamba watu waliofundishwa kuuliza maji yametoka wapi kabla ya kuyamwaga hawapaswi kushindwa kuuliza hivyo wodini.

Na mwaka uliofuata baada ya Kaka, tuliuliza. Mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye hushona mapazia na bendera za hekalu letu ingawa yeye ni Mwislamu anayeswali swala zake tano, alianza kubanwa na pumzi. Naye hakuwahi kuvuta. Ameturuhusu kuyasema haya, na leo ameketi pamoja nasi. Daktari wake alipojiandaa kumtoa maji, mpwa wake alimwambia kwa adabu: "Daktari, tunaomba maji haya yasimwagwe yote. Je, yanaweza kupimwa saratani, na ikionekana, yapimwe na vinasaba?" Daktari alikubali. Seli zilionyesha adenokasinoma. Sampuli ikasafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, na jibu likarudi: badiliko la EGFR lipo.

Alianza kumeza gefitinib, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya wiki chache alipanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika katikati. Bendera iliyo juu ya paa letu hivi sasa ameishona yeye mwenyewe.

Lakini hatukuja kuwauzia matumaini yasiyo na ukweli. Dawa hizi hazijawa tiba ya kung'oa ugonjwa uliokwisha kuenea. Huurudisha nyuma kwa muda, kisha saratani hujifunza njia nyingine. Kwa wanaotumia gefitinib au erlotinib, karibu nusu ya usugu hutokana na badiliko jipya linaloitwa T790M, na kwa hilo ipo dawa nyingine, osimertinib. Mama yetu alipoanza kukohoa tena baada ya mwaka na ushei, alitolewa damu. Jibu likaja: T790M haikuonekana.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Jibu la "haikuonekana" katika damu si sawa na jibu la "haipo". Uvimbe mwingine hauachii vinasaba vya kutosha, na damu inaweza kukosa badiliko kwa wagonjwa wapatao watatu katika kila kumi walio nalo. Damu ikisema ndiyo, daktari anaweza kusonga mbele. Ikinyamaza, ni lazima kutafuta mahali pengine. Daktari wa mama yetu hakuishia hapo. Maji kidogo yalikuwa yamerudi kifuani. Yakapimwa, na T790M ikaonekana. Tungeikubali damu peke yake, angenyimwa dawa inayomstahili.

Dawa hiyo ni ghali, na mtaa mzima unajua jinsi tulivyochanga. Waliochanga ni wa hekalu, wa msikiti na wa kanisa, na kila mwezi ni mtihani mpya. Gefitinib na erlotinib, kwa upande wao, hutengenezwa India na viwanda vingi kwa bei nafuu zaidi, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeiweka erlotinib katika orodha yake ya dawa muhimu kwa wagonjwa wenye badiliko la EGFR, huku gefitinib ikitajwa kuwa mbadala wake. Tunaziomba mamlaka na bima za afya ziione orodha hiyo, na zikumbuke kwamba dawa bila kipimo chake ni mshale bila shabaha.

Yapo pia mambo tunayotaka kuyaonya. Kwanza, kipimo hiki ni cha kumwongoza mgonjwa aliyekwisha kujulikana kuwa na saratani. Mtu mwenye afya asidanganywe kununua kipimo cha damu kwa kuambiwa kitamhakikishia kwamba hana saratani yoyote. Pili, kifua kikuu ni kingi katika nchi zetu, nacho hutibika. Aliyeandikiwa dawa zake asiziache kwa sababu ya hotuba yetu. Tunachosema ni kwamba, dawa zikitumika kama ilivyoelekezwa na nafuu isionekane, mgonjwa arudi na kuuliza kama kuna jambo jingine. Tatu, damu ya kipimo hiki haiwekwi katika chupa yoyote tu. Ikiwa katika chupa ya kawaida hutakiwa kutenganishwa ndani ya saa chache. Ikiwa itasafiri, huhitaji chupa maalumu inayozuia seli za damu kupasuka. Sampuli iliyoharibika njiani huleta jibu lisiloaminika, na gharama hurudi upya.

Nne, tuache kuwaficha wagonjwa. Mara ngapi tumemwambia daktari, "Usimweleze Ba, ataogopa"? Ba huyo ndiye aliyetulea kwa vita na njaa, nasi tunamwona hawezi kustahimili neno moja. Siri hiyo huzuia vipimo, kwa kuwa huwezi kumwomba mtu damu na maji yake bila kumwambia unatafuta nini. Kaka hakuulizwa na yeyote kati yetu. Huenda angesema apumzishwe, na tungeheshimu. Lakini lilikuwa neno lake, si letu.

Basi yapo maswali matatu ambayo tunaiomba kila familia iyaweke nyumbani, karibu na daftari la kliniki. La kwanza: "Maji haya yatakayotolewa, yatapimwa nini, na yatabaki kiasi gani kwa vipimo vingine?" La pili: "Kama ni saratani, vinasaba vyake vimepimwa kabla ya kuchagua dawa?" La tatu: "Kama jibu la damu halikuonyesha kitu, tutapima wapi tena?" Ulizeni kwa heshima. Madaktari na wauguzi wetu wana wagonjwa wengi na mikono michache. Swali la upole huwasaidia, haliwashutumu.

Kwa upande wetu, Kamati imejiwekea wajibu. Mgonjwa yeyote wa mtaa huu, wa dini yoyote, asiye na wa kumsindikiza, tutamsindikiza. Sampuli ikihitaji kusafirishwa, Mfuko wa Seva utachangia nauli yake kadiri ya uwezo. Na tutakapoulizwa tena na familia kama mzee wao aendelee na vipimo, hatutamjibia. Tutawapeleka kwa daktari anayejua, kisha tutamwuliza mzee mwenyewe.

Wazee wetu waliojenga hekalu hili walichimba kisima kabla ya kuinua ukuta, ili wapitao wote wapate maji. Kisima kile kingali kipo, na majirani bado huchota. Tunawaachia ombi hili dogo kwa heshima ya kisima hicho na kwa kumbukumbu ya Kaka: mbele ya kitanda cha mgonjwa, kabla ya chombo kumiminwa, mmoja wenu aseme, "Tafadhali, ngoja kwanza."